Jua Nyuma ya Mtu: Uhakiki wa Picha za Kuelekea Nuru

Kila picha ipigwayo kwa kamera hutokana na mapatano ya vitu vitatu: kitu kinachopigwa, nuru inayokimulika kitu hicho, na mahali asimamapo mpiga picha. Wapiga picha wengi hushughulika na kitu, wachache hufikiri mahali pa kusimama, na wachache zaidi huiuliza nuru yatoka wapi. Walakini nuru ndiyo wino wa sanaa hii. Mwandishi asiyejali wino huenda akaandika maneno mazuri yasiyosomeka, na mpiga picha asiyejali nuru huenda akasimama mbele ya jambo kubwa akarudi nyumbani mikono mitupu. Katika insha hii nataka tuhakiki, wewe msomaji na mimi, namna moja ya picha iliyoenea sana katika nchi yetu, nayo ni picha ipigwayo kuelekea nuru, yaani picha ambayo jua au taa iko nyuma ya mtu au kitu kinachopigwa.

Wazee wa sanaa hii walikuwa na amri moja kinyume cha hayo. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilipoanza kuuza kamera ndogo iitwayo Brownie kwa dola moja, kupiga picha kulitoka mikononi mwa mabingwa kukaingia mikononi mwa watu wote, hata watoto. Vijitabu vya mafunzo vya siku hizo vilimwagiza mpiga picha ahakikishe kwamba jua liko nyuma yake au juu ya bega lake, likimulika uso wa anayepigwa. Amri hiyo ilikuwa na sababu. Filamu za wakati ule zilikuwa nzito kupokea nuru, na lenzi za kamera za bei rahisi zilikuwa dhaifu, basi bila jua kali usoni mtu hakuonekana vizuri. Matokeo yake twayaona katika albamu za babu zetu: watu wamesimama wima, wamekunja nyuso na kufinya macho kwa ukali wa jua, na kila kitu chaonekana, tangu kifungo cha shati hata vumbi la kiatu.

Leo amri hiyo imesahauliwa. Ukipita Wang'uru, mji wa mchele ulio kando ya barabara ya kutoka Makutano kwenda Embu, jioni ya siku isiyo na mawingu, utawaona vijana wamesimama juu ya kingo za majaruba ya mpunga wa Mwea, simu mkononi, wakilielekea jua. Mbele yao pana maji yaliyotulia kama kioo, na baina yao na jua pana mtu: rafiki aliyeinua mikono, au mama apaliliaye, au mchungaji na ng'ombe zake. Picha zitokazo hapo hufanana kama punje za mchele wa gunia moja: anga la rangi ya chungwa, maji ya dhahabu, na katikati umbo jeusi lisilo na macho wala mdomo. Picha hizo hutumwa kwa marafiki, hutundikwa katika kuta za hoteli, na huchapishwa katika kalenda.

Sisemi kwamba zote ni mbaya. Uhakiki ni kazi ya kupambanua, wala si kazi ya kushutumu tu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali; na nuru moja ya jioni yaweza kupika picha ya heshima au picha ya ovyo. Mizani nitakayoitumia ni swali hili: je, nuru ya nyuma imetumika kuonyesha kitu ambacho nuru ya mbele isingaliweza kukionyesha, au imetumika kuficha kitu ambacho mpiga picha hakutaka kujisumbua kukitazama?

Kwanza yafaa kufahamu kwa nini mtu aliye mbele ya jua hugeuka kuwa mweusi pichani, hali macho yetu yanamwona vizuri. Jicho la mwanadamu halikai mahali pamoja. Hutazama anga likajifinya, hutazama uso likajipanua, na akili huunganisha mitazamo hiyo miwili ikawa mmoja. Kamera haina akili hiyo. Hupima nuru yote iliyo mbele yake, kisha hudhani kwamba mandhari yote, yakichanganywa pamoja, ni ya rangi ya kijivu cha wastani, ambacho hurudisha yapata asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Basi ikikuta anga linalowaka, huona kwamba nuru imezidi, ikaipunguza. Anga hupata rangi yake nzuri, na mtu aliye mbele ya anga hutumbukia gizani. Kwa hiyo, msomaji, giza lile ambalo watu hulisifu na kuliita ustadi, mara nyingi halikuchaguliwa na mtu. Ni uamuzi wa mashine. Simu za siku hizi hujaribu kutengeneza jambo hili kwa kupiga picha kadhaa kwa mara moja na kuzichanganya, na pengine huokoa uso. Lakini pengine humfanya mtu aonekane kama amebandikwa juu ya anga kwa gundi.

Sasa na tuitendee haki nuru ya nyuma, kwa maana mgala muue na haki yake umpe. Nuru ya mbele hugonga kitu ikarudi. Nuru ya nyuma hupita ndani yake au kandokando yake. Chukua jani moja la mpunga. Ukilitazama jua likiwa nyuma yako, utaona rangi ya kijani tu. Ukilitazama likiwa baina yako na jua, utaona mishipa yake, na ncha yake yenye umande kama ushanga. Kadhalika yangeyange arukaye juu ya majaruba: akimulikwa kwa mbele ni ndege mweupe, basi, akimulikwa kwa nyuma, manyoya ya mabawa yake huhesabika moja moja. Vumbi, moshi, ukungu na mvuke ndivyo vipendavyo nuru hii kuliko vyote, kwa kuwa chembe ndogo sana huitawanya nuru zaidi kuelekea kule iendako kuliko kuirudisha kule itokako. Ushahidi wa jambo hilo kila abiria anao: gari likienda kulielekea jua, vumbi la kioo cha mbele huwaka lote, likigeuka na kulipa jua mgongo, kioo kile kile huonekana safi.

Mfano wa picha iliyoitumia vema sifa hiyo nilipata kuuona miongoni mwa picha ambazo wanachuo wetu, walimu wa kesho, huzileta darasani tuzihakiki. Ilipigwa baada ya mavuno. Mama mmoja anapepeta mpunga kwa ungo juu ya turubai, na jua liko nyuma yake chini kabisa. Makapi yanayopeperuka yamepata nuru, yakawa kama kundi la nyuki wa dhahabu linalotoka mikononi mwake kwenda kushoto, hata mtazamaji akajua upepo ulivuma kutoka wapi. Nyuma ya kichwa chake, ukingo wa kitambaa una mstari mwembamba wa mwanga. Yote hayo ni kazi ya nuru ya nyuma, na kwa nuru ya mbele yasingalionekana. Lakini tazama zaidi. Uso wa mama unaonekana pia. Mpunga uliotandazwa mbele yake, wenye rangi ya manjano hafifu, umeirudisha nuru kutoka chini ikamfikia usoni. Twaona kwamba ameminya midomo, kama afanyavyo kila mtu anayejizuia kumeza makapi. Picha hiyo yaonyesha kazi, na mfanyakazi, na hewa iliyo baina yao. Hapo nuru ya nyuma imelipa deni lake.

Picha ya pili ililetwa darasani siku ile ile. Wanawake sita wameinama katika jaruba wakipandikiza miche, na jua linatua mbele ya mpiga picha. Maji yanawaka. Wanawake wote sita ni weusi tititi, na migongo yao imejipinda kwa mfano mmoja, kama herufi moja iliyoandikwa mara sita. Darasa liliisifu sana. Kisha mwanachuo mmoja aliyezaliwa papo hapo Mwea akasema kwa upole kwamba huenda mmoja wa wanawake wale ni shangazi yake, kwa kuwa jaruba lile alilijua. Lakini asingeweza kuapa. Maneno hayo ndiyo uhakiki bora nilioupata kusikia juu ya picha ya namna hiyo. Mtu wa damu yake alikuwa labda mbele ya macho yake, katika picha iliyosifiwa na wote, naye hakuweza kumtambua.

Neno ambalo Wazungu hulitumia kuitaja picha ya umbo jeusi lina asili ya kuchekesha. Limetokana na jina la Étienne de Silhouette, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759. Alijulikana kwa kubana matumizi, hata watu wakakipa jina lake kila kitu cha bei rahisi. Na picha za watu zilizokatwa katika karatasi nyeusi zilikuwa rahisi kuliko zile zilizochorwa kwa rangi. Hata hivyo, picha zile za rahisi zilikuwa na adabu moja. Zilikatwa kwa upande wa uso, ili pua, midomo na kidevu vipate kuonekana, na ndugu aweze kumtambua ndugu yake. Umbo jeusi la siku hizi limeipoteza hata adabu hiyo. Mara nyingi halina upande, halina umri, wala halina jina.

Wala si Wang'uru peke yake. Picha za bara letu lote zimepatwa na ugonjwa huu. Mwaka 2014 mtazamaji mmoja alikusanya pamoja majalada ya vitabu 36 vilivyohusu Afrika, akayaweka katika ukurasa mmoja. Vitabu vilikuwa vya waandishi mbalimbali na vya habari mbalimbali, lakini majalada yalifanana kama ndugu: mgunga mweusi, na anga jekundu la machweo. Msomaji wa ng'ambo akitazama safu hiyo angedhani kwamba katika bara hili jua linatua mchana kutwa, na watu wake wana migongo tu. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.

Kuna jambo jingine litupasalo kulifahamu sisi wenye ngozi nyeusi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi ya Wazungu. Kodak ilikuwa ikipeleka kwa wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili warekebishe rangi kwa kuifuata sura hiyo. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Picha ilihesabiwa kuwa sawa ikiwa Shirley yu sawa. Mtu mweusi aliyeketi karibu na mweupe aliweza kubaki meno na macho tu. Wafanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba katika miaka ya 1970 malalamiko yaliyosikilizwa upesi yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautike. Siku hizi vyombo ni bora. Basi ni jambo la kusikitisha kwamba sasa, tukiwa na kamera ziwezazo kuonyesha kila rangi ya ngozi yetu, sisi wenyewe twachagua kujitia gizani na kuliita giza hilo uzuri.

Wapo mabingwa ambao waliijua nuru ya nyuma kuliko sisi sote, nao pia walihakikiwa. Sebastião Salgado wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2025, alikuwa mchumi katika shirika la kimataifa la kahawa huko London kabla ya kushika upigaji picha mwaka 1973. Alisafiri sana katika Afrika, na katika picha zake nyingi nuru hutoka nyuma ya watu, ikapita katika vumbi na moshi, hata kambi ya wakimbizi ikaonekana kama mahali patakatifu. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, mwaka 2003, alimlaumu kwa jambo moja ambalo ni la kufikiriwa: kwamba watu wanyonge katika picha zake hawatajwi majina katika maelezo. Salgado hakuwageuza watu kuwa vivuli vitupu. Nyuso zao mara nyingi zaonekana, tena zina heshima kubwa. Kwa hiyo lawama hiyo yatufundisha kwamba kuonyesha uso hakutoshi. Mtu ana uso, na ana jina pia.

Kwa upande wetu, mfano wa kuutazama ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943. Mwezi wa Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk, na filamu aliyoipiga huko ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba. Inaanza alfajiri, katika ubaridi na ukungu, umati wa watu wamejifunika nguo. Mpiga picha mvivu angeliridhika na hapo, maana alfajiri ile peke yake ilikuwa picha tosha. Amin hakuridhika. Kamera yake ilisogea hata ikafika kwa mama na mtoto, ikatulia juu ya nyuso zao. Dunia iliyotikisika kwa filamu ile ilitikiswa na nyuso. Alfajiri ilifungua mlango tu.

Turudi Wang'uru, tupate kuona kwa nini jambo hili ni zito zaidi hapa kuliko mahali pengine. Majaruba haya ambayo maji yake hung'aa vizuri mno jioni hayakujitengeneza. Mashamba na mifereji inayoletwa maji kutoka mito ya Nyamindi na Thiba ilianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la mahabusu waliofungiwa katika kambi za Mwea. Walikuwa maelfu. Mpita njia leo hawezi kusimama kando ya mfereji akasema ni nani aliyeuchimba hapo. Wale waliochimba walihesabiwa kama mikono na majembe. Basi mtu akija leo na kamera nzuri, akawatazama wajukuu zao wameinama katika majaruba yale yale, akawageuza kuwa migongo sita myeusi juu ya dhahabu, amefanya kwa lenzi jambo ambalo limekwisha kufanywa mara moja kwa daftari la kambi. Hakukusudia ubaya. Alipenda rangi. Lakini ardhi hii ina deni la nyuso, na mpiga picha apitaye juu yake yafaa alijue.

Huenda utanijibu, msomaji, kwamba pengine kuuficha uso ni rehema. Ni kweli, nami nakubali. Shahidi wa jinai akihojiwa katika televisheni huketishwa mbele ya dirisha ili sura yake isitambulike, na hapo giza humlinda. Mtoto aliyedhulumiwa yafaa asijulikane. Mtu aombolezaye ana haki ya kugeuza uso. Lakini angalia tofauti: katika mambo hayo giza limechaguliwa kwa faida ya mtu aliye ndani yake. Katika picha ya wapandikizaji giza limechaguliwa kwa faida ya anga. Huenda utasema tena kwamba umbo jeusi laweza kusimama badala ya watu wote, kama ishara ya mkulima yeyote. Hoja hiyo ina nguvu, na mchoraji wa bendera au wa stempu aweza kuitumia. Lakini kamera haikupewa kazi ya mchoraji. Fahari ya kamera ni kwamba mtu huyu, siku hii, alisimama hapa. Ikitoa mtu yeyote, siku yoyote, imeiacha kazi ambayo yenyewe peke yake yaiweza.

Picha ya kuelekea nuru yaweza kusema uongo mwingine, nao ni wa mahali. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, uko karibu kaskazini kabisa mwa Wang'uru. Jua letu huchomoza mashariki na kutua magharibi, likipotoka kidogo tu kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Kwa hiyo hakuna siku ya mwaka ambayo mtu aliye Wang'uru aweza kuona jua likitua nyuma ya mlima; kutoka hapa mlima humulikwa kwa ubavu, asubuhi upande wa kulia na jioni upande wa kushoto. Atakaye kuuona mlima mweusi mbele ya jua lichomozalo na aende Naro Moru, upande wa magharibi wa mlima, hasa mwezi wa Machi au Septemba. Atakaye machweo nyuma ya mlima na aende upande wa mashariki, kama Chogoria. Ukikuta kalenda yenye majaruba ya mpunga, na nyuma yake jua linazama katika kilele cha mlima, jua kwamba mtu ameziunganisha picha mbili. Mhakiki mwema humwuliza mpiga picha ulisimama wapi, na jua hujibu badala yake.

Jua hutuambia na wakati. Vitabu vya mafunzo vinavyotoka Ulaya husifu saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya machweo. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna anasa hiyo. Kwetu jua hushuka karibu wima, kwa digrii moja kila dakika nne. Likiwa digrii sita juu ya upeo, limebakisha yapata dakika 24 tu. Na tangu ukingo wake wa chini uguse ardhi hata litoweke ni dakika mbili. Upungufu huo wa wakati ni sababu moja ya uvivu ninaoulaumu. Mpiga picha huona dhahabu inakwisha, hukimbilia anga, na humsahau mtu.

Basi, atakaye kuitumia nuru ya nyuma kwa adabu na afanye haya. Asipige kabla hajamjua mtu na kupata ridhaa yake. Aipime nuru kwa uso, siyo kwa anga, hata kama anga litapauka. Katika simu nyingi yatosha kuugusa uso kwa kidole juu ya kioo. Atafute kitu cheupe cha kurudisha nuru: shuka, karatasi, ukuta uliopakwa chokaa, au mpunga uliotandazwa. Alizibe jua kwa kichwa au bega la mtu, ama akinge lenzi kwa kiganja, ili mng'ao usiitie picha ukungu. Na asilitazame jua lenyewe kwa jicho kupitia kioo cha kamera, kwa maana lenzi hukusanya moto wake, na jicho lililoungua haliponi kwa urahisi. Hakuna hata moja katika mambo haya linalohitaji fedha. Yote yanahitaji subira ya dakika chache na kusogea hatua chache, na mara nyingi kusogea huko ni kumkaribia mtu.

Utakapopewa picha ya namna hii uihakiki, iwe ya mtihani, ya gazeti au ya rafiki yako, usianze kwa kusema ni nzuri au mbaya. Iulize kwanza: nuru yatoka wapi, na imeonyesha nini ambacho kisingaliweza kuonekana bila yake? Kisha iulize: giza liko wapi, nani yumo ndani yake, na nani aliyechagua awemo? Ikiwa ni makapi yanayopeperuka, au mabawa ya yangeyange, au mvuke wa chai katika asubuhi ya baridi ya Nyeri, huenda ukapata jibu la kukuridhisha, nawe uisifu picha bila kusita. Ikiwa ni mtu, jiulize kama mwanawe angemtambua. Mwanachuo yule wa Mwea alirudi jarubani wiki iliyofuata, asubuhi, akapiga picha nyingine. Haikuwa na dhahabu. Maji yalikuwa ya rangi ya matope, na anga jeupe. Chini yake aliandika majina sita, na la tatu lilikuwa la shangazi yake.